Nguo Iliyopigwa Jiweni Pasipo Mto

Tata,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba baba hasemeshwi kabla ya kuamkiwa.

Tangu tukuzike, mtama wa shamba la kijiji umevunwa, na mama ameanza tena kucheka, kidogo. Mimi nimerudi shuleni. Nakuandikia kwa sababu nimekishika mkononi kile kitu kilichokuondoa porini.

Kilikuja kijijini kama tochi. Mwita mchunga ng'ombe alikiokota korongoni akakipeleka duka la ushirika kitiwe betri. Mzee Nyamhanga wa dukani alikigeuza, akakipuliza, akamwambia tochi hii haina kioo wala swichi, labda ni ya kipofu. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimetumwa chumvi. Nikaomba nikione.

Kilikuwa cheusi, kifupi kuliko penseli mpya, lakini kizito kuliko nilivyotazamia. Upande mmoja kilikuwa na hesi za kufungia. Ndani niliona vibati kama visahani vimepangwa, kila kimoja na tundu katikati. Nikanusa. Tata, kilinuka baruti, kama koti lako la kazi.

Nilitaka kunyamaza. Unajua nilivyo, hata jibu ninalolijua darasani humwandikia jirani. Lakini nikaikumbuka ripoti yako ya doria, ulipokuwa askari wa wanyamapori.

Wewe hukujua kuandika, kwa hiyo niliandika mimi. Ulisema kulipopambazuka ulisikia nguo mbichi ikipigwa jiweni, mara mbili, mahali pasipo mto, na baadaye wewe na wenzako mkamkuta faru amelala, pembe hakuna. Nilikuomba niandike "mlio hafifu" ili wasicheke. Ukasema, "Robi, andika nilichosikia. Usiandike watakachopenda."

Nikaandika. Wakacheka kweli, wakubwa wako wa kazi na mwenyekiti wa kijiji. Walisema bunduki ya kuua faru husikika hadi Kenyamonta, basi ama ulikuwa umelala, ama majangili walikuwa wamekulisha. Wakakuweka kufungua geti la ofisi. Watoto wakakuita Dobi. Ukaugua kifua, ukafa na jina hilo, na mimi nikabaki nikijiuliza kama ningebadilisha yale maneno mawili matatu...

Basi nikasema pale dukani, "Hii si tochi. Ni ya bunduki."

Mzee Nyamhanga alinitazama kama ng'ombe amesema. Lakini alikipeleka kwa Bwana Nyama mpya, yule afisa wa wanyamapori aliyehamishiwa kwetu kutoka Songea. Ofisini kwake kuna bunduki waliyoikamata kwa majangili, yenye hesi mdomoni, ambazo hakuna aliyejua ni za nini. Kile kidude kikaingia, kikazunguka, kikakaza. Akasema ni cha kumeza mlio, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekisikia kwa jina tu.

Akatutuma tusimame mbali, upande wa pili wa mawe: mwenyekiti wa kijiji, wazee, mgambo, na mimi nyuma yao. Yeye akapiga kichuguu.

Tata, sikusikia bunduki. Nilisikia nguo mbichi ikipigwa jiweni. Na mwenyekiti, yuleyule aliyekucheka kuliko wote, aligeuka kuangalia ni nani anafua.

Hapakuwa na mtu. Hapakuwa hata na maji.

Bwana Nyama alirudi na faili, akasoma sentensi yako mbele yetu, kwa mwandiko wangu mbaya, bila kuruka neno. Mwenyekiti akavua kofia. Kisha akasema, "Ndugu zangu, Marwa alisikia. Sisi ndio tuliolala."

Nililia, lakini shingo yangu ilikuwa imenyooka.

Siku hizi mgambo wanafundishwa hivi: ukimsikia dobi pasipo mto, kimbilia huko. Wanalitaja jina hilo mbele ya mama, na mama anawakaribisha uji.

Pumzika, Tata. Geti wamepewa wengine. Mimi nitasoma hadi nitakapofika, na popote watakaponipa kalamu nitaandika nilichosikia, hata wakicheka.

Binti yako,
Robi