Vinasa Sauti vya Gitaa la Baba

Pucallpa,
16 Mei 1999.

Mpendwa kaka Wenceslao,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Huko Turin baridi imepungua? Na lile bega lako linaendeleaje? Sisi hatujambo, isipokuwa Mama anakula kidogo mno, na ukimuuliza anasingizia joto. Mvua zimekatika, vumbi jekundu limeturudia.

Misa ya kutimia mwaka mmoja tangu Baba afariki ni tarehe sita Juni. Baada ya misa bendi yake itapiga hapa nyumbani, kisha Mama avue nguo nyeusi. Wote wanataka gitaa la Baba lisikike kama zamani, na hapo ndipo penye shida. Kaka, kuna jambo nimekuficha.

Wewe unadhani Baba aliacha kupiga kwa sababu ya ugonjwa. Si kweli. Alipokuwa amelazwa nilitaka kumfurahisha. Vile vinasa sauti viwili vya chini ya nyuzi, vinavyopeleka mlio kwenye amplifaya, vilikuwa na kutu na vinakoroma, nikampa fundi mmoja wa Lima aweke vipya, vyenye nguvu. Vya zamani akavitupa. Baba aliporudi akalichomeka gitaa kwenye amplifaya, akalipapasa kidogo, akazima. Akaniambia, "Ahsante, mwanangu, limependeza." Hakuligusa tena mpaka akafa. Mwaka mzima nimelibeba hili peke yangu na limenichosha.

Basi nikavitoa vya Lima. Nikajaribu vya gitaa la Kijapani la Teófilo, mpiga besi wa bendi. Vikawa vikali, vinachoma masikio. Teófilo akanicheka. "Wewe Zenaida unatafuta nguvu tu. Vya babako vilikuwa vivivu, ndiyo maana vilikuwa vitamu."

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa Mzee Hermógenes, yule anayesuka upya mota za feni. Mzee akachomoa sumaku kuukuu kwenye gitaa bovu, sumaku zilizokwisha kuchoka, akazizungushia waya wa shaba kwa mkono, mizunguko michache kuliko ya kiwandani. Mimi nikawa namhimiza aongeze. "Tulia, binti," akasema. "Ukijaza waya utapata kelele, si sauti."

Jana mchana Teófilo akalipiga sebuleni. Kaka, sauti ilikuwa ile ile, nene na yenye uvuguvugu. Mama alikuwa jikoni anaponda ndizi. Tukamsikia akiita kama alivyomwita Baba siku zote, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzee, hebu liache hilo gitaa uje ule, chakula kinapoa."

Teófilo akaacha kupiga. Mama akatokea mlangoni na sahani mkononi, akatutazama mmoja mmoja, kisha akakaa chini sakafuni. Nililia kuliko siku ya maziko.

Nikamwambia nitavitoa vinasa sauti hivyo siku ile ile. Akakataa. "Viache hapo hapo. Ila mwambie Teófilo, siku nyingine nikiita, asiache kupiga."

Nisalimie wifi Graziella na mtoto. Shangazi Domitila na Teófilo wanakusalimu sana. Mungu akulinde kazini na akurudishe kwetu salama.

Na kama umenikasirikia, niandikie hasira yako yote. Baba alininyamazia. Wewe usininyamazie.

Mimi mdogo wako nikupendaye sana,
Zenaida