Jibu Nililolitoa Dirishani

Jumamosi, Morotonga. Wingu limetanda tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Nguo za wateja zimerundikana kwenye cherehani, na mimi sijashona hata pindo moja.

Tangu juzi kuna sauti inanifuata. Ni yangu mwenyewe.

Fundi cherehani kama mimi hana mwajiri wa kumkatia bima ya afya. Nimezunguka mwezi mzima nikiulizia. Vifurushi vingine ukitajiwa bei unaaga kwa adabu. Hatimaye nikapata kimoja ninachokiweza, pale Mugumu: mimi, mwanangu na wazazi wangu wawili. Nilifurahi kupita kiasi, maana ninayemtafutia matibabu hasa ni Bibi. Ana sukari, na kidonda cha mguuni kinakataa kupona. Daktari alishasema tukizembea mguu utakatwa.

Sasa, Bibi si mama wa mama yangu. Sisi ni nyumba ntobhu. Yeye hakujaliwa mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe akamwoa mama yangu, ili nyumba yake ipate watoto. Mwanaume aliyenizaa simjui wala sijawahi kumhitaji. Pahali pa baba mimi nina Bibi, na huku kwetu hakuna anayeshangaa.

Juzi nilikwenda naye, nikamkalisha karibu na dirisha la kuandikishia. Dada wa pale, mgeni wa mkoa huu, alimwandika mama, kisha akauliza jina la baba. Nikataja la Bibi. Akainua macho, akauliza baba gani huyo mwenye jina la kike, na foleni nyuma yangu ikacheka. Wengi walikuwa wageni waliokuja kikazi, watu ambao hata sitawaona tena. Uso uliniwaka moto. Yule dada akamwelekezea Bibi kalamu.

"Kwani huyu ni nani wako?"

"Ni jirani. Amenisindikiza tu."

Haya, nimeliandika hapa jibu langu. Mungu anisamehe.

Nafasi ya baba ikapigwa mstari. Nilijipa moyo kwamba Kiswahili cha Bibi ni kidogo, ila jirani ni neno analolijua vizuri.

Wanasema mdomo uliponza kichwa. Wangu umeponza mguu wa mtu mwingine. Nikikanyaga cherehani nasikia lile jibu, nikichota maji nalisikia. Mwanangu akimwita Bibi aje kula, nashtuka kama mwizi.

Leo mchana nilikuwa namsafisha kidonda. Nikaanza kuomba msamaha, nikashindwa kumaliza. Alinitazama bila hasira, na afadhali angenichapa. Akasema kwa Kikurya, taratibu:

"Nilitoa ng'ombe ili siku nikiulizwa mimi ni wa nani, awepo wa kujibu."

Kisha akanyoosha mguu vizuri ili niendelee kufunga. Nililia pale pale, mikono ikiwa na dawa.

Jumatatu narudi Mugumu. Huenda taratibu zao zikamkataa, hilo sijui, na kama ni kumlipia peke yake nitatafuta njia. Lakini nitamtaja, wacheke mpaka wachoke.

Nimemwomba Bibi twende wote.

Nasubiri jibu lake.