Nyumba Kando ya Zizi

Jumanne, 9 Septemba. Asubuhi kavu, upepo wa vumbi tangu alfajiri. Harufu ya majani yaliyoungua bado haijaondoka.

Nimechoka. Naandika na masizi yakiwa bado kwenye kucha.

Juzi mtu alikuwa anachoma mabua ya pamba shambani, moto ukamshinda. Ukavuka njia, ukaingia kwenye nyasi, ukaifikia nyumba ya jirani yetu Mama Neema. Nyumba ya tofali za kuchoma na bati! Sote tuliamini nyumba ya namna hiyo haiungui. Cheche zilipenya kwenye uwazi kati ya ukuta na paa, zikaangukia magodoro. Watu wamepona. Vitu vyote majivu.

Leo nimekwenda kumsaidia kuokota mabati. Nyuma pale, nyumba ya zamani ya mkwewe, ya udongo, imesimama kama kawaida. Iko ubavuni mwa zizi. Ng'ombe wamekanyaga pale miaka yote, hakuna jani hata moja. Moto ulifika ukakosa cha kula.

Nikakumbuka msingi wa nyumba yetu mpya.

Tumeuchimba kando ya barabara, mbali na nzi na harufu, na umezungukwa na ngitili ya baba mkwe, nyasi anazozitunza kwa ajili ya kiangazi. Siwezi kuzifyeka. Ng'ombe watakula nini mpaka mvua zije?

Jioni nikampigia mume wangu, yuko machimboni Geita. Nikamwambia tufukie msingi, tujenge kule kando ya zizi letu.

"Mama Kulwa, mimi nishinde shimoni, halafu nyumba yangu inuke mavi ya ng'ombe?"

"Harufu haiui, Baba Kulwa."

"Wenzangu wakija utawaambia nini? Kwamba tunalala na ndama?"

"Nitawaambia tunaamka."

Akakata simu.

Sijazoea kumpinga. Na ninaelewa anachokitaka: wapita njia waone kwamba hakwenda Geita bure. Hata mimi nilikitaka. Niliwahi kusimama kwenye ule msingi nikijiona nimekaa barazani, watu wananisalimia kutoka barabarani.

Lakini zege linamwagwa kesho asubuhi, na likishamwagwa ndiyo basi. Nimemfuata fundi kwake, nikamwambia asimwage. Afukie, aanze upya upande wa zizi.

Amecheka sana. "Shemeji, na kidato cha nne chako chote, unahamia kwa ng'ombe?"

Lakini amekubali kuja kupima upya asubuhi. Nimerudi nyumbani, nimewalaza watoto, nimekaa na simu mapajani. Nimeanza kujiuliza kama nimejenga nyumba au nimeibomoa.

Ujumbe wa Baba Kulwa umeingia nikiwa nimeshajifunika.

"Sawa. Ila dirisha la chumbani lisitazame zizi."

Nimeusoma mara mbili. Kichwa kinauma, macho yanawasha kwa moshi. Nitamjibu asubuhi, kabla fundi hajaanza kupima.

Nalala. Saa sita na nusu usiku.