Wimbo Uliomponza Marwa

Homa Bay, Jumapili, Desemba 1996

Mvua imenyesha tangu alfajiri, kanisani sikwenda, na nacheka peke yangu kama mwehu.

Jana Marwa alikuja kwetu kujitambulisha. Usiku wa kuamkia jana sikulala. Shangazi Risper, dada mkubwa wa Baba, ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani, na asubuhi alipokuwa akichambua mboga alitangaza kwamba huyo Mkuria wa Migori si mkwe wetu na hatakuwa. Nilikata vitunguu nikapata kisingizio cha kulia.

Mchana watu walikula macho kwenye sahani. Marwa alijibu kila swali kwa heshima, shangazi akaguna tu. Nilihesabu kwamba nimempoteza.

Halafu Baba akaweka ile santuri.

Wimbo wenyewe si wetu. Ni jazi ya zamani ya Marekani, Babu alirudi nayo kutoka vitani, imefungwa ndani ya blanketi la jeshi. Bendi za huku zikaichukua, zikaiharakisha, zikatupa Kiingereza na kutia Kijaluo. Ilipopigwa mjini Sori alitajwa msichana wa Sori, ilipopigwa Oyugis, wa Oyugis. Baba alipouimba alitia jina la Mama, na ndivyo alivyompata. Tangu hapo sherehe yetu haiishi bila wimbo huo, na Mama hajawahi kuusikia akabaki kitini.

Sijui kwa nini hauchakai. Nadhani ni pale katikati, tarumbeta inapopanda polepole halafu inakataa kushuka. Pale mtu hujikuta amesimama.

Marwa alijikuta amesimama. Mbele ya Mama. Amemnyooshea mkono.

Mungu wangu.

Mkwe hamshiki mkono mama mkwe, sembuse kucheza naye! Kwao Wakuria pia ni mwiko, anajua vizuri, lakini kaseti niliyomrekodia ameisikiliza mpaka utepe umelegea. Wimbo ulimtangulia akili. Na Mama naye, mkono wake ulikuwa njiani!

Shangazi aliruka kutoka kitini. "Wewe! Huyo ni mama mkwe wako! Unataka kumshika mkono?"

Baba aliinua sindano ya santuri taratibu.

"Risper," akasema, "si asubuhi ulisema huyu si mkwe?"

Shangazi akaanza kucheka, kicheko cha kushika mbavu, na nyumba nzima ikamfuata. Marwa alikuwa anatafuta shimo la kuingia.

Mama hakucheka. Aliurudisha mkono wake, akauficha chini ya leso, akainamisha uso kama inavyompasa mama mkwe.

Maisha yangu yote nimemwona akicheza wimbo huo na kila aliyemwomba. Jana alimkataa mtu kwa mara ya kwanza, na mimi sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Sasa naona swali ni moja tu: siku ya harusi, nani atamfunga Marwa miguu?