Skuta Haikuharibiwa na Maji

Mkwe wangu,

~~Skuta usiiguse.~~ Ukirudi mchana, ipande tu. Imepona. Chakula kiko jikoni, kimefunikwa.

Asubuhi nilikulaumu mezani mbele ya wote, eti umeiosha ukalowesha nyaya. Ukaondoka kwa miguu, chai hujamaliza. Sasa nimeipima kwa mita: betri imejaa, fyuzi nzima, nyaya kavu kabisa. Kumbe ni swichi ya breki! Skuta ya umeme, ukishika breki, mota hukatiwa umeme. Nayo imeshikwa tangu jana, kuna fundi alikaza kebo ya breki kupita kiasi. Fundi huyo ni mimi, na diploma yangu ukutani.

Nimeilegeza. Jioni msile bila mimi: nilikusema mbele ya watu, nitajisema mbele ya haohao.

Mama mkwe wako