Marando ya Kirongwe Hayakuwa Yako

Baba Salma, uliyekuwa mpenzi wangu,

Sikuulizi hali. Najua huna raha, na nimefurahi.

Nakumbuka tulivyoanza kuizunguka Mafia tukitafuta mimea yote ya jamii ya kiazi kitamu. Sote wawili tuliisomea mimea chuoni, na wazimu huo ndio uliotuoanisha. Pale Utende ulilala kifudifudi mchangani ukitazama ua la zambarau la mtambaazi wa pwani, watu wakadhani umeanguka. "Njoo, mke wangu, halijasinyaa bado!" Kule kisiwani Bwejuu uliumwa na konyeza, yule mdudu mlaini wa kuwasha, ukioga baharini. Bibi mmoja akaponda majani ya mtambaazi uleule akakubandika mguuni, nawe umenishika mkono unalia: "Usiniache, Zuhura." Sikukuacha.

Kila kijiji tulichopita, wanawake walinipa marando ya viazi vyao. Niliyapanda Kirongwe, kwenye shamba la marehemu baba yako. Matuta yote yale niliyainua mimi, mimba ya Salma ikiwa tumboni.

Kisha nikaenda Dar kumuuguza mama. Ukanitumia talaka kwenye simu, mistari miwili. Niliporudi, nguo zangu zilikuwa kwa jirani, na mlangoni kwangu kasimama mke mwingine kajifunga kanga yangu. Wewe hata nje hukutoka. Ulisemea ndani: "Shamba ni la baba yangu. Usilikanyage!"

Baadaye nikasikia umealika wageni wa chuo waje kuona aina za viazi ulizokusanya. Ulizokusanya wewe!

Sikukanyaga, Baba Salma. Niliwapigia simu wale wanawake wenye mbegu. Asubuhi ile, wewe ukiwa uwanja wa ndege Kilindoni kupokea wageni, wao waliingia shambani na majembe. Mkeo akatoka mbio.

"Mnatafuta nini humu?"

"Tumefuata vyetu," alimjibu Bi Mwanaidi wa Chole. "Mbegu nilimpa mwanangu Zuhura. Huyo mumeo sikumpa."

Waling'oa tuta baada ya tuta, viazi na marando, hawakubakiza hata jani la kupikia matembele. Mimi nilisimama barabarani nikitazama. Gari lenu lilipofika, nilikuona ukishuka unatabasamu, mkono umeunyoosha kuwaonyesha wageni shamba. Mkono ukabaki hewani. Wallahi, nauona mpaka leo nikitaka kulala, na nalala vizuri.

Jioni ukanipigia. "Mama Salma, umeniua."

"Mbona unaongea?" nikakuuliza, nikakata.

Watu wananiambia nisamehe. Usidhani silii, kuna siku nafua nguo za Salma machozi yananitoka, maana nilikupenda kweli. Lakini kusamehe, bado. Sina haraka.

Nasikia unataka kupanda upya. Marando yapo, tele, kila kijiji. Nenda ukawaombe wenyewe, mlango kwa mlango. Anza na Bi Mwanaidi. Ameniambia anakungoja kwa hamu.

Kwaheri ya kuonana kwa kadhi tu,

Mama wa mwanao