Fundi wa Kola

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine za zile wiki nilizokaa kimya, uzipokee zote kwa pamoja. Mgongo unaendeleaje, na yale macho? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na kile kikohozi kilichokutia wasiwasi kimekwenda zake bila kuaga. Na wewe mdogo wangu unayemsomea mama, hujambo? Soma polepole, usiruke mistari kama kawaida yako, na usianzie mwisho.

Mama, ujumbe wako aliouleta mjomba nimeupata. Umefurahi kwamba narudi. Umetoa magunia yote chumba cha mbele na kukipiga chokaa, umewatangazia majirani kwamba fundi wako anakuja kufungua duka la kushona, na mama wa nyumba ya pili ameshaleta kitambaa cha gauni la harusi ya binti yake. Niliposikia hayo nilicheka, halafu nikatamani usingetangaza. Sababu nitakueleza. Ila kwanza nikwambie kwa nini kiwanda kinafungwa, maana najua huko maneno hayakosi, na wapo watakaosema tumefukuzwa kwa wizi.

Hatukufukuzwa. Kosa letu ni kwamba tumekuwa matajiri.

Usicheke. Mashati tunayoshona huuzwa ng'ambo, na huko yalikuwa yanaingia bila ushuru kwa sababu nchi yetu ilikuwa kwenye orodha ya nchi maskini kuliko zote. Wakubwa walikubaliana kwamba nchi za namna hiyo ziachiwe nafasi ya kuuza vitu vyao, badala ya kuletewa chakula cha msaada kila mwaka. Na sitaki mtu yeyote aibeze biashara hiyo mbele yako. Bati la nyumba yetu limetoka kwenye mashati hayo. Ada ya huyo anayekusomea, mpaka akaweza kusoma mwandiko wangu mbaya, imetoka huko huko. Mtaa huu wa kiwanda ulikuwa vumbi tupu nilipofika. Leo una taa, una zahanati, na maji yanafika mpaka uani.

Sasa, mwaka juzi ilitangazwa kwamba nchi imepiga hatua na imeondolewa kwenye ile orodha. Msimamizi wetu alipanda juu ya meza ya kukatia vitambaa akasema tumehitimu. Tulipiga vigelegele, mama, tukacheza katikati ya cherehani, nami nilikuwa mbele kabisa. Mpishi wa kiwandani akauliza vyeti vitatolewa lini. Tulipewa muda wa kujiandaa, na muda wenyewe tukautumia kufurahi. Sasa umekwisha. Mashati yetu yatalipiwa ushuru kama ya watu wengine, na mnunuzi ameona bora ahamie nchi ambayo bado haijahitimu. Sina kinyongo na wasichana wa huko. Zamu yao imefika, na najua watakavyoishika ile bahasha ya mshahara wa kwanza kwa mikono miwili. Jirani yangu wa mashine, yule tunayemwita Mikono, alimwambia msimamizi kwamba mtoto akiota meno huachishwa ziwa, sawa, lakini mama mwenye akili huanza kwa uji.

Nifike basi pale panaponiuma. Mdogo wangu, hapa punguza sauti, na kama kuna wageni subiri waondoke.

Mama, mimi sijui kushona gauni. Hata shati sijui. Ninachojua ni kola.

Kiwandani hakuna mtu anayeshona nguo. Kila mmoja ana kipande chake. Miaka yote hii nimekuwa nikishona kola: naigeuza, nazitoa ncha zake, napiga mshono wa juu, namsukumia mwenzangu, nachukua nyingine. Mikono anashona mikono ya shati, ndiyo maana ya jina lake. Yupo Vifungo, yupo Pindo, na mimi naitwa Kola. Nadhani msimamizi hajui kama nina jina jingine. Kwenye kola hakuna anayenifikia, na hilo nalisema bila kujisifu. Lakini nipe kitambaa kizima na mkasi, nitakitazama nacho kitanitazama. Nyinyi mkisema fundi, fundi, mimi nanyamaza, kwa kuwa ni tamu kusikia. Najua nimekutia aibu, na naona aibu mimi mwenyewe.

Siku ile nilipopata ujumbe wako nilimwambia Mikono kwamba nyumbani siendi, ni heri niuze maji barabarani kuliko kukufanya mama yangu uwe mwongo mtaani. Akaniuliza:

"Kwani wewe unadhani mimi najua kushona kola?"

Tulicheka mpaka tukalia. Siku ya mapumziko tukakusanyana chumbani kwangu, sisi wawili, Vifungo, Pindo, na mzee wa meza ya kukatia tunayemwita Mkasi, tukajaribu kushona shati moja wenyewe. La kwanza lilibana kifuani na mgongoni likawa kama hema. Mkasi amezoea kukata akifuata mistari inayochorwa ng'ambo, na mistari hiyo haitakuja tena. Basi tukafumua shati zima la kiwanda, tukalaza vipande vyake juu ya magazeti, tukachora ya kwetu. La pili likavalika. La tatu Mkasi alilivaa akaenda nalo kazini, na msimamizi akamuuliza amelinunua wapi. Sijawahi kuona watu wazima wakifurahia shati namna ile.

Kidole kimoja hakivunji chawa, mama. Fundi unayemngoja ni watu watano.

Cherehani zetu tumezichukua badala ya sehemu ya kiinua mgongo. Tunataka kushona sare za shule, maana za huko kwetu zinatoka mbali, zinachelewa, na zinachanika kwapani kabla muhula haujaisha. Zikipendwa tutavuka nazo mpaka, kwa kuwa majirani zetu nao wana watoto. Najua chumba umekisafisha kwa ajili ya mtu mmoja. Sisi wanawake wanne tutabanana, tumezoea. Mkasi ni mwanaume, tena anakoroma, kwa hiyo naomba alale kwa mjomba. Kitambaa cha harusi mrudishie mwenyewe na umwambie ukweli. Kama ni vigumu, ngoja nifike, nitakwenda mimi kumpigia magoti.

Nasikia mjomba ameshaandika ukutani FUNDI CHEREHANI kwa rangi nyekundu. Asifute. Mwambie aongeze MA pale mbele.

Jambo la mwisho linakuhusu wewe, mdogo wangu, na hili lisome kwa sauti. Najua umeshachagua kiti chako karibu na dirisha. Lakini wewe hutapewa kipande. Utakaa na Mkasi mpaka ujue kukata, uje kwangu, uende kwa Mikono, umalizie kwa Pindo na Vifungo, na hutaondoka kwa yeyote mpaka aridhike. Siku utakapoanza na kitambaa kizima ukamaliza na shati, peke yako, hapo ndipo nitapiga vigelegele tena. Safari hii nitakuwa najua ninachoshangilia.

Mama, nisalimie mjomba na wote wanaoniulizia, hata mama wa nyumba ya pili, kama bado anataka salamu zangu. Ukikubali, tutakuja mara tu tutakapofungasha mashine. Ukikataa, niambie bila kunihurumia. Shikamoo.

Ni mimi mwanao,
Kola